Mipira ya pampu ndani ya kopo

Jumamosi iliyopita binti yangu alilikuta kopo la maziwa ya unga nyuma ya pipa la kuoshea mashine ya boti, akalimwaga sakafuni, na ikatoka mipira 11 myeusi ya pampu ya maji ya kupoza injini, kila mmoja ukiwa na mabawa sita kuzunguka tundu la katikati. Aliipanga mstari, akaibonyeza mmoja mmoja kwa kidole gumba, kisha akauliza bila kuinua uso: "Baba, hii yote mbona ni mizima? Kwa nini uliitoa?" Nilimwambia nitamjibu baada ya sala ya alasiri. Tangu hapo nimekuwa nikiirudia akilini safari ya Machi 2014.

Wakati ule boti ilikuwa bado ile ya kwanza, na mashine yake ilikuwa ya nguvu za farasi 40, ya aina inayochanganyiwa oili ndani ya petroli, lita 1 kwa lita 50. Kitabu kilichokuja nayo kilisema oili ya gia ibadilishwe kila baada ya saa 100 au miezi 6, pampu ya maji ikaguliwe, na nati zote zipakwe grisi. Maagizo hayo yanamfaa mtu anayetoka na boti siku za mapumziko. Sisi tulikuwa tukivusha abiria: kwenda Nyamisati, bara kwenye delta ya Rufiji, na kurudi Kilindoni, kisiwani Mafia, kulituchukua saa 5, kwa hiyo saa 100 zilitimia kwa safari 20, na msimu wa kaskazi safari 20 ni kazi ya mwezi mmoja.

Miezi minne kabla, fundi wetu alikuwa ametushauri tuufungue mguu wa mashine, ile sehemu ya chini inayozama majini, na kubadilisha mpira wa pampu, ambao bei yake haikuzidi ya dumu moja la petroli. Kaka alikataa, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alikuwa ameona mashine ya jirani ikifunguliwa ikiwa nzima, nati zilizoshikwa na chumvi zikakatikia ndani, na boti ikalala pwani wiki tatu ikisubiri vifaa kutoka Dar es Salaam. "Mashine inayokohoa ndiyo inayofunguliwa," aliniambia, "hii yetu inaimba." Daftari la saa nilikuwa nalo mimi, na uamuzi ukawa wangu. Niliamua kwamba kila jioni tutaizamisha mashine ndani ya pipa la maji baridi ya kisima na kuiwasha ioshe chumvi, ingawa kulijaza pipa hilo ni madumu kumi ya kubeba kichwani; plagi tutazisafisha, chujio la petroli tutalimwaga maji, oili ya gia tutaibadilisha kila miezi miwili, lakini pampu hatutaigusa mpaka ioneshe dalili. Niliamini kwamba nimekipata kiasi cha kati na kati.

Siku hiyo tulikuwa na abiria saba, na shangazi alikuwa amekaa karibu nami tezini, mkoba wenye karatasi zake za kliniki ya macho ukiwa mapajani. Rufiji ilikuwa imejaa, na tulipoikaribia delta maji yalikuwa yameshageuka rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nikitazama mbele nisije nikagonga gogo. Shangazi ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwanangu, mbona kunanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo?"

Niligeuka. Ubavuni mwa mashine kuna tundu dogo ambalo hutoa uzi wa maji muda wote, na uzi huo ndio habari pekee unayoipata kwamba pampu inavuta na injini inapoa. Sasa uzi haukuwepo. Kulikuwa na matone mawili matatu yanayofuka moshi, na nilipokuwa nikiyatazama, nayo yakakatika. Nilizima. Tulipoinua kifuniko, rangi juu ya silinda ilikuwa imevimba malengelenge madogo kama punje za dengu, na tone la maji ya bahari lililodondoka kutoka kidoleni mwangu lilichemka na kutoweka. Kaka alikuwa ameshachota ndoo ili amwagie, nikamkamata mkono, kwa sababu chuma cha moto kikipata maji baridi kwa ghafla huweza kupasuka. Tukabaki tumeshikana hivyo, yeye na ndoo, mimi na mkono wake, huku tukiusikia mkondo ukipiga mbavu za boti. Hakuna abiria aliyeuliza kitu. Shangazi alitoa tasbihi yake, akaanza kuhesabu, na macho yake, ambayo hayakuwa yakiona vizuri, yalikuwa yamenielekea mimi.

Tulitia nanga, tukangoja, jahazi la nazi likatupa kamba, na kabla ya magharibi tulikuwa Nyamisati.

Fundi wa pale aliufungua mguu kesho yake asubuhi. Mpira ulikuwa umebakiwa na mabawa matatu, na nyumba yake ilikuwa imechimbwa mistari na mchanga wa mtoni. Vipande viwili alivitoa kwenye njia ya maji kwa koleo nyembamba. Cha tatu hakikuonekana, ingawa alipuliza na kusukuma maji mpaka adhuhuri. Nilitarajia aniambie kwamba ningemsikiliza mwenzake wa Kilindoni haya yasingetokea. Badala yake alisema amewahi kutoa mpira wa miaka mitatu ukiwa mzima, na mwingine wa miezi miwili ukiwa umekatika wote, kwa sababu boti ilipanda fungu la matope na nahodha akaendelea kukanyaga moto.

Tangu mwaka ule naubadilisha mara moja kila mwaka, kusi likianza. Kila mara ninaoutoa huwa kama hii aliyoipanga binti yangu: laini, unaonepa, hauna kasoro ninayoweza kuionesha mtu anayenihesabia gharama. Na mara ya nne nati ilikatika ndani ya mguu, kama kaka alivyokuwa akihofia, tukaitoboa kwa siku mbili huku abiria wakipanda boti nyingine. Hakunisema neno. Alinishikia tochi.

Baada ya alasiri niliuchukua mpira mmoja, nikalikunja bawa lake mpaka shina likanyooka, nikamwonesha binti yangu mahali ambapo ufa huanzia. Aliwasha taa ya simu, akautazama kwa muda mrefu, kisha akasema haoni ufa. Nilitazama mimi, nami sikuuona. Tukairudisha yote koponi isipokuwa huo mmoja, ambao aliendelea kuuzungusha mkononi.

"Ule uliokatika," aliuliza, "siku moja kabla ulikuwa hivi?"

Nilimwambia kwamba siku moja kabla hatukuufungua.