Siku nzima na Corolla inayozima ikishapata moto

Saa 1 asubuhi. Mwalimu amefika gereji kwetu Tabata na Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu. Gari hii imenichosha. Nikifika foleni ya Buguruni inazima, nikipiga stata inazunguka tu, haishiki. Nikikaa nusu saa, inawaka vizuri." Huko alikopita ameshabadilishiwa pampu ya mafuta, plagi na betri. Hela ya mwalimu hiyo, inaniuma.

Saa 2. Imewaka bila shida. Injini baridi haina ushahidi, ila vipimo vyake navihitaji vya kulinganishia. Nimechomoa soketi ya distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi, nikapima ile koili ndogo iliyo ndani yake inayosoma mzunguko wa injini: omu 430. Safi.

Saa 4. Mimi na kijana wangu tumeingia barabara ya Mandela na mita, taa ya kupimia, kipande cha waya na plagi moja ya kupimia. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosa subira. Gari ya namna hii lazima ikuzimikie wewe mwenyewe.

Saa 6 na ushee, jua la utosi, karibu na mataa ya Buguruni, ikazima. Tukaisukuma pembeni. Kijana akapiga stata, mimi nimegusisha plagi kwenye bodi ya injini: hakuna cheche. Taa ya kupimia kwenye soketi ya nozeli, inayopulizia injini mafuta: haipepesi. Vyote viwili kwa pamoja! Ukiona hivyo usikimbilie pampu, tafuta kinachoviamrisha vyote. Kompyuta ya gari hii isipopata taarifa kwamba injini inazunguka, haitoi cheche, haifungui nozeli, na ukiachia stata pampu inanyamaza. Bila shaka ndivyo ile pampu ilivyohukumiwa bure.

Nikaunganisha kwa waya matundu mawili, TE1 na E1, kwenye kiboksi cha kupimia chini ya boneti, ili kompyuta itaje kosa. Taa ya injini ikapepesa mara moja, ikatulia kidogo, ikapepesa mara mbili: kodi 12, taarifa ya mzunguko haifiki. Nikarudi kwenye soketi ya distributa, mita haisomi kitu. Koili imekata. Tukaacha boneti wazi, tukanunua maji, tukasubiri. Ilipopoa mita ikasoma tena, na gari ikawaka. Waya wa ndani ya ile koili ni mwembamba kama unywele. Joto likiutanua, ufa unaachana; ukipoa, unagusana.

Saa 8. Gerezani, kwenye maduka ya spea, kutafuta distributa used. Muuzaji alikunja uso nilipotoa mita, lakini hiki si kifaa cha kununua kwa macho. Nikapima, nikaomba tuilaze juani juu ya bati, nikapima tena ikiwa ya moto. Haifikii joto la injini, ila ni afadhali.

Saa 10. Nimeifunga, nikaunganisha tena TE1 na E1, nikaseti taiming, yaani wakati wa cheche kuruka, nyuzi 10 kwa taa ya taiming. Usiruke hatua hii. Gari itakosa nguvu na kunywa mafuta.

Saa 11 na nusu. Tumerudi Buguruni kwenye foleni ya jioni, mbaya kuliko ya mchana. Haikuzima. Mwalimu nimemkabidhi funguo na ile distributa mbovu, nikamwambia ikizima tena asisubiri ipoe, anipigie hapo hapo.