Kwa mama ilikuwa inawaka, kwangu inagoma: nilivyopata ugonjwa wa Hilux yangu

Miezi miwili nimeambiwa niuze pikapu. Ni Hilux ya mwaka 1994, injini ya dizeli ya 3L, ile ya lita 2.8, na kilomita zimeshapita 480,000. Imenibebea viazi kutoka Uwemba kwenda Njombe mjini na Makambako miaka yote hii, na imesomesha watoto. Siwezi kuiuza kwa sababu tu mtu ameshindwa kufikiri.

Tatizo lilianza Juni. Watu wa Njombe wanaijua Juni: tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuna asubuhi unaamka unakuta sakitu, ile barafu nyembamba nyeupe, juu ya nyasi. Napiga stata, inazunguka vizuri kabisa, lakini injini haishiki. Napumzika, napiga tena. Mara ya tano au ya sita ndipo inakohoa, inatetema, inashika. Siku nyingine vijana wa jirani wanaisukuma. Lakini ikishawaka hiyo asubuhi, kutwa nzima naizima na kuiwasha kwa mguso mmoja wa ufunguo.

Hapo ndipo pa kuanzia kufikiri. Hakuna fundi hata mmoja aliyeniuliza mchana inakuwaje.

Wa kwanza akasema betri. Nikanunua mpya, laki mbili na kitu, na wiki moja baadaye nayo ikawa inachoka. Bila shaka itachoka, ukiipigisha stata dakika nzima kila asubuhi! Betri ilikuwa inaumizwa na ugonjwa, haikuwa ugonjwa. Ile ya zamani nilikuja kuipima kwa mita baada ya kuichaji: ikitulia volti 12.6, na stata ikizunguka haishuki chini ya 10. Nzima. Sasa inawasha taa za sola nyumbani.

Wa pili akasema stata, nikalipa ifunguliwe na kusafishwa. Stata za Toyota zikila zile shaba za ndani, unageuza ufunguo unasikia "tak" moja, halafu kimya. Hilo nililiona mwaka juzi kwenye gari hili hili. Safari hii ilikuwa inazunguka kwa nguvu, na nilimwambia hivyo.

Wa tatu ndiye aliyeniudhi hasa. Alikuja asubuhi, akasikiliza mara moja, akasema: "Mama, bomba limekwisha hilo, na nozeli zimekwisha." Yaani pampu inayosukuma dizeli kwenye injini, na vinyunyizio vyake. Bomba litolewe, lipelekwe kupimwa, milioni moja na nusu na ushee. Halafu ili kunionyesha, akalowesha kitambaa kwa petroli akakiweka kwenye mdomo wa kuvutia hewa, akapiga stata. Injini ilishika kwa kugonga kama mtu anapiga nyundo ndani ya bloku. Msikubali jambo hili. Petroli inalipuka kabla ya wakati wake, na hita plagi, zile za kupasha injini joto kabla ya kuwasha, zikiwa za moto ndio hatari zaidi. Unaweza kuvunja ringi au pistoni ya injini ambayo ilikuwa haina kosa. Nilimlipa nauli yake akaenda.

Nikakaa na hasira zangu siku mbili, kisha nikaenda kulala kwa mama Uwemba. Kule baridi ni kali kuliko mjini. Asubuhi nimejiandaa kwa vita, nikageuza ufunguo: mara moja tu, ikashika. Nikadhani bahati. Wiki iliyofuata nikaenda tena, ikawa vilevile. Mama ndiye aliyesema, "Labda hapa kwangu inapumzika vizuri." Alisema kwa upendo tu, lakini nilitoka nje nikaiangalia ilivyolala. Uwanja wa mama una mteremko mkali, na mimi huingia pua ikitazama bondeni. Kwangu ni kinyume chake, naegesha pua juu. Tangi liko nyuma, injini mbele. Kwa mama tangi linakuwa juu ya bomba, kwangu tangi linakuwa chini.

Kwa hiyo dizeli ilikuwa inarudi tangini usiku! Dizeli hairudi bila hewa kuingia mahali, kama maji yasivyotoka kwenye mrija uliozibwa juu kwa kidole. Na ndiyo maana hapakuwa na tone lolote chini ya gari. Njia yote kutoka tangini hadi kwenye bomba ni ya kunyonya, basi tundu dogo haliachi dizeli kutoka, linaingiza hewa.

Kesho yake nyumbani nikamwomba binti yangu asimame nyuma atazame ekzosi. Nikapiga stata: hakuna moshi hata kidogo. Moshi mweupe ungekuwa na maana kwamba dizeli inafika lakini haiungui. Bila moshi, dizeli haifiki. Kipimo hiki hakina gharama, na mafundi watatu walikuwa hawajakifanya.

Lakini bado nilitaka kulisafisha jina la bomba. Shemeji yangu ni fundi ujenzi, nikamwomba kipande cha ule mpira wao wa levo, unaoonyesha maji ndani. Jioni nikachukua dumu la lita 5, nikalijaza dizeli safi, nikalifunga kwa kamba juu karibu na boneti, nikaunganisha mpira moja kwa moja hadi kwenye bomba, bila kupitia filta wala tangi. Ule wa kurudisha dizeli nikautumbukiza ndani ya dumu hilo hilo. Nikaiwasha, ikanguruma dakika kumi, nikazima na kufunika kila kitu kwa gunia. Pua juu, makusudi. Usiku ule sakitu ilianguka. Saa kumi na mbili asubuhi nikageuza ufunguo na ikashika mara ya kwanza. Niliita watoto waje waone. Bomba lililohukumiwa kufa lilikuwa linafanya kazi yake sawasawa.

Sasa kulitafuta tundu. Nikabadilisha mipira yote ya kati ya tangi na bomba, maana ilikuwa migumu na imepasuka kwenye kona, na klampu mpya. Kazi ya siku nzima, mikono inanuka dizeli mpaka kwenye ugali. Asubuhi yake ikagoma. Ilinivunja moyo, nakiri.

Nikarudi kwenye mpira wa levo. Nikaukata vipande viwili, kimoja kabla ya filta, kingine baada yake, nikawasha na kumulika kwa tochi. Kabla ya filta dizeli inapita safi kama chai ya rangi. Baada ya filta, vipovu vidogo vinakimbizana. Basi mwizi yuko katikati, kwenye kichwa cha filta chenye ile pampu ya kubonyeza kwa kiganja. Nikaibonyeza mara kadhaa, nikanusa kiganja: dizeli. Vumbi la pale lilikuwa limelowa siku zote, na mimi nilikuwa naliona nikidhani ni dizeli iliyomwagika wakati wa kubadilisha filta. Mpira wa ndani ya pampu ulikuwa umechanika. Kichwa kizima kilichotumika nilikipata Makambako kwa kama elfu hamsini. Mpira wa levo niliutoa baada ya kipimo. Dizeli huufanya ukakamae, haufai kukaa pale daima.

Tangu hapo dizeli inafika. Ila asubuhi za baridi kali ilikuwa bado inasumbua kidogo, na safari hii moshi mweupe ulikuwepo, injini inatetema nusu dakika. Yaani dizeli ipo, joto halipo. Fundi wa kwanza alikwisha niambia hita ziko sawa kwa kuwa taa ya kwenye dashibodi inawaka na kuzima. Taa ile inahesabu muda tu, haijui kama plagi inapata moto. Nikaondoa lile bapa la shaba linaloziunganisha, nikafunga waya wa taa ya kupimia kwenye chanya ya betri, nikagusa ncha za plagi moja moja. Mbili zikawasha taa, mbili kimya. Nikanunua zote nne, na nilizifungua injini ikiwa ya moto ili zisikatikie ndani.

Stata sasa haifiki sekunde mbili. Yule fundi wa bomba alinikuta sokoni juzi nikipakia magunia, akauliza nimemuuzia nani gari. Nikampa ufunguo awashe mwenyewe. Nyumbani bado naegesha pua juu, na sijaikuta imegoma hata asubuhi moja.