Boss RV-6 katika ukumbi wenye mwangwi wake

Ukipiga kofi moja ndani ya chumba kitupu ambacho bado hakijawekwa samani, kofi lile halikurudii kama sauti inavyorudi unapoita bondeni. Unachosikia ni mkia wa sauti unaofifia, kwa kuwa sauti imegonga kuta, dari na sakafu mara nyingi mno kwa kitambo kifupi, hata sikio likashindwa kuitenganisha. Mkia huo ndio sisi wapiga gitaa tunaouita riveba, na pedali yangu ya Boss RV-6, yaani kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachobadilisha sauti ya gitaa, kisichozidi milimita 73 kwa upana na 129 kwa urefu, kazi yake ni kuutengeneza.

Zamani mkia huo ulitengenezwa kwa chuma. Amplifaya za Fender za miaka ya 1960 zilifungwa springi zilizotikiswa na sauti ya gitaa, na ukiipiga teke amplifaya ya namna hiyo hata leo utasikia kishindo cha springi zenyewe. Studio nazo zilitumia bamba kubwa la chuma lililotundikwa ndani ya fremu, ambalo halikubebwa na mtu mmoja. Mwaka 1987 kampuni ya Boss ilitoa RV-2, pedali ndogo iliyofanya kazi hiyo kwa hesabu za kidijitali, na RV-6 ni mjukuu wake.

Ina vifundo vinne vya kuzungusha: kiasi cha mwangwi, ung'avu wake, urefu wake, na cha nne cha kuchagua mojawapo ya aina nane za mwangwi. Aina iitwayo Shimmer huongeza sauti ya oktava ya juu ndani ya mkia, na kwa dakika tano za kwanza inapendeza kupita kiasi. Tangu wiki ile niliyoinunua sijairudia. Ninazozitumia ni Spring na Plate tu, zinazoiga zile springi na lile bamba la chuma.

Mimi hupiga gitaa la solo kanisani, katika jengo la matofali ya saruji lenye bati juu na lisilo na dari, yaani jengo ambalo lenyewe ni riveba. Nyumbani nilikuwa nimeweka urefu wa mwangwi katikati na nikaridhika kabisa. Jumapili ya kwanza, noti za haraka za sebene zilipandiana kama abiria mlangoni mwa daladala, na mpiga besi akanigeukia kunitazama bila kusema neno. Sasa kifundo cha urefu hakipiti pale ambapo mshale mfupi wa saa huelekea saa tatu asubuhi, na ung'avu nimeupunguza ili mkia usigombane na sauti za waimbaji. Katika nyimbo za polepole zenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ndefu naongeza kidogo; katika sebene naizima kabisa, kwa maana bati linatosha.

Umeme wake ni volti 9, na betri huisha upesi, hivyo adapta ni lazima. Niliponunua ya kwanza, muuzaji alinihakikishia kwamba kichwa chake kinaingia, nacho kiliingia kweli, lakini taa haikuwaka: pedali hii inataka hasi iwe katikati ya kichwa, nayo ile ilikuwa na chanya. Kwa bahati haikuungua. Mchoro mdogo wa duara uliochapishwa kwenye adapta huonyesha jambo hilo, na ndio wa kutazamwa kabla ya bei.

Katika mpangilio wa waya naiweka mwisho, baada ya pedali ya kukwaruza sauti, kwa sababu ukiitanguliza, mkia wenyewe nao hukwaruzwa na kila kitu kinakuwa uji. Kilichobaki ni kukubaliana na fundi mitambo wa sauti, ambaye kwa nia njema hupenda kuongeza mwangwi wake juu ya wangu. Siku hizi, kabla ya ibada, mwanakwaya mmoja hulishika gitaa langu na kupiga kodi moja, nami naenda kuisikiliza nikiwa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango.