Uzito kwanza, mguu baadaye

Mzee wa Lamu ana mahali pengi pa kuanguka. Kuna ngazi za gati zinazoteleza maji yakitoka, vizingiti virefu, vidato vya mawe majumbani mwetu, kila kimoja na kimo chake, na vichochoro ambamo lazima ujibanze ukutani kumpisha punda mwenye shehena ya mchanga. Shangazi yangu hajaanguka. Ameogopa tu, na hofu hiyo ilitosha kumweka kitini. Hilo ndilo linaloniuma. Anayeogopa kuanguka hupunguza kutembea, mapaja yakalegea, na mwisho mwili ukawa mwepesi wa kuanguka kweli.

Kwa hiyo baada ya Alasiri tunafanya taichi uani, mazoezi ya miondoko ya polepole. Asili yake ni sanaa ya mapigano ya China, na ukoo wa Chen wa kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan, umeirithishana tangu karne ya 17. Mwaka 1956 serikali yao ikatoa mfululizo mfupi wa miondoko 24 ili raia yeyote aweze kujifunza. Sisi tumechukua michache tu.

Anasimama pekupeku, magoti yamelegezwa kidogo. Anauhamishia uzito wote mguu wa kulia mpaka wa kushoto unakuwa mtupu, ndipo anautanguliza, kisigino kikigusa kwanza, kisha uzito unafuata taratibu.

“Shangazi, uzito kwanza, mguu baadaye.”

“Mwanangu, huu upole ndio unaochosha!”

Ni kweli kabisa. Kwa mwendo wa haraka mguu mmoja hubeba mwili kwa nukta tu. Hapa unaubeba kwa muda mrefu, na nyonga na vifundo vinafanya kazi. Mizani ya mwili hutegemea macho, sikio la ndani, na habari zinazotoka kwenye nyayo na viungo. Umri hufifisha vyote vitatu. Wakati wa Magharibi, kichochoroni, macho hayasaidii sana, kwa hiyo nazithamini mno nyayo zake.

Huko Oregon, Marekani, Fuzhong Li na wenzake walichapisha mwaka 2005 utafiti wa watu 256 wa miaka 70 hadi 92 waliokuwa hawafanyi mazoezi. Kwa miezi sita, mara tatu kwa wiki, kundi moja lilifanya taichi na jingine likajinyoosha viungo. Wa taichi walianguka mara 38, wenzao mara 73. Nami nasisitiza hizo mara tatu kwa wiki, maana kufanya siku moja ukaacha hakujengi kitu.

Kizunguzungu cha dawa za presha ni jambo jingine, la kupelekwa kwa daktari kwanza. Na tukifanya mazoezi, kiti kizito hakikosi kuwa nyuma ya Shangazi.

Sasa anataka kwenda Shela kwa mashua, kumwona dada yake. Basi wiki hii tunaongeza hatua za ubavuni, na kuinua mguu kuvuka kigoda, hadi aweze kuuvuka ukingo wa mashua akiwa ameshikwa mkono mmoja tu.