Mtunzi Anapoamua Kuimba Mwenyewe

Kabla hujaingia studio hapa Arusha, maliza kwanza suala la karatasi. Wimbo uliomwandikia mwenzako bila mkataba huzua ugomvi siku utakapouimba mwenyewe. Andikeni nani katunga mashairi, nani katengeneza biti na kila mmoja ana asilimia ngapi, kisha usajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, nako ujisajili kama msanii.

Halafu ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo umepangiwa. Wimbo uliopangwa kwa sauti ya mwingine utakukaba kwenye kiitikio: mwombe prodyuza aushushe nusutoni (hatua ndogo za sauti) mbili au tatu, uimbe umesimama, ujirekodi kwa simu. Lakini kinachowaangusha watunzi hasa ni mistari mirefu, maana wamezoea kuandika, si kuhema. Punguza silabi mbili mwishoni mwa mstari unaotangulia kiitikio. Usipofanya hivyo, utaingia kiitikioni huku pumzi imekwisha, na hakuna miksi ya kuficha hilo.