Baba wa mbuzi namba 17

Tulitoka Morogoro saa kumi na moja alfajiri tukiwa na deli lililojaa barafu, daftari mbili na mirija ya kuwekea damu. Basi likapita Gairo, likapita Kibaigwa ambako malori ya mahindi yalikuwa yameziba nusu ya barabara, likatushusha Mbande, pale barabara ya Kongwa na Mpwapwa inapochepuka. Mimi nilikuwa mbeba deli. Mtafiti niliyemsindikiza, dada mpole ila mkali wa kazi, alihitaji damu ya mbuzi 40 wa Kigogo, na sharti lake kubwa lilikuwa moja tu: wasiwe ndugu.

Nililiona sharti jepesi. Ugogo mzima umejaa mbuzi. Wako chini ya mibuyu, wako juu ya mapaa ya tembe. Utakosaje 40?

Njiani dada alinieleza. Mbuzi wetu wa asili kwenye vitabu huwekwa kapu moja, mbuzi wadogo wa Afrika Mashariki. Wafugaji wao huwaita kwa maeneo: wa Kigogo huku kati, wa Ujiji kule Kigoma, wa Sonjo magharibi ya Ziwa Natron, wa Newala kusini, weupe wa Upare. Swali ni kama tofauti hizo zimeshuka hadi kwenye vinasaba au zimeishia kwenye majina. Ukichukua mbuzi kumi wa zizi moja, utapima ukoo huku ukidhani umepima aina. Kwa hiyo unachukua wawili au watatu kwa zizi, unahama kijiji.

"Mbukwenyi!" tulibisha hodi kwenye boma moja, na Kigogo chetu kikaishia hapo. Mwenye zizi alikuwa mama mtu mzima, mwenye mbuzi kama 30 wa kila rangi: weusi, wekundu, wenye madoa, wengine wana vinyama viwili vinavyoning'inia shingoni, wengine hawana. Dada alimwonyesha mbarika mmoja mwekundu.

"Mama, huyu mama yake yupi?"

"Yule mwenye sikio lililochanika. Na mama wa yule alikufa mwaka wa njaa. Bibi yao alikuja na mahari ya binti yangu mkubwa."

"Na baba yake?"

Mama alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, baba wa mbuzi naye anaulizwa?"

Kweli, anaulizwaje? Mchana mazizi manne au matano huchungwa pamoja, huteremka korongoni pamoja, na beberu aliyewahi ndiye baba. Mama alinitajia vizazi vitatu vya majike bila kukwama, lakini upande wa kiumeni hakuwa na hata jina moja.

Kuna sehemu ya vinasaba ambayo nayo hufuata njia hiyohiyo ya mama. Vinasaba vya mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, hurithiwa kwa mama peke yake, hivyo mtafiti aliye maabara husoma ukoo kama yule mama anavyousoma zizini. Lakini kwa mbuzi njia hiyo haikufikishi mbali. Tangu wafugwe huko Mashariki ya Kati, yapata miaka 10,000 iliyopita, mbuzi wamesafirishwa na watu kila pembe, na leo zaidi ya 9 kati ya kila 10 duniani wanaangukia kundi moja la mitokondria, linaloitwa A. Mbuzi ni mzigo unaotembea wenyewe na kula chochote, nani angemwacha nyumbani? Ukitaka kumtenga wa Kigogo na wa Ujiji, lazima usome vinasaba vya pande zote mbili, baba na mama. Kwa kazi hiyo FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ina orodha ya alama 30 za vinasaba ziitwazo mikrosatelaiti, na siku hizi kuna kipimo kinachosoma zaidi ya sehemu 50,000 kwa mkupuo.

Tulichukua damu ya watatu, kwenye mshipa wa shingo. Namba 17 alikuwa beberu wao, pande la mnyama, mweusi tii. Alinipiga kikumbo nikaangukia deli.

Siku ya pili tulipanda bodaboda mbili, tukavuka makorongo makavu matatu hadi kijiji kingine kabisa. Kule mbuzi walikuwa wafupi kidogo, wengi weusi, na dada alifurahi waziwazi. Tulifika mbuzi wa tisa wa kijiji kile ndipo mzee mwenye boma akasema, kama anayesimulia habari za mvua, "Hawa wa upande huu si wangu. Ni wa yule mama mliyetoka kwake. Alinikabidhi tangu ukame ule."

Dada akaweka kalamu chini.

Wagogo hawaweki mifugo yote zizi moja. Mwenye mbuzi humkabidhi rafiki au shemeji wa mbali sehemu ya kundi, ili ukame au ugonjwa ukipiga hapa, kule wabaki. Mtunzaji hufaidi maziwa, na uhusiano unakomaa. Akiba ya namna hiyo naielewa kuliko ya benki. Kwa sharti letu, lakini, ilikuwa balaa: tumevuka makorongo matatu kwenda kumchoma sindano binamu wa namba 17. Tulifuta tisa wote. Mirija mingine sita niliiharibu mimi mwenyewe, kwa kuandika namba kwa kalamu ya wino ambayo jasho la barafu liliifuta. Kuhusu hilo dada hakusema neno, na ningependa angesema.

Jioni, tukisubiri usafiri, alianza kuiona desturi ile kwa jicho jingine. Tafiti za mbuzi wa asili barani Afrika huonyesha mara kwa mara kwamba sehemu kubwa ya tofauti za vinasaba iko kati ya mbuzi na mbuzi wa eneo lilelile, na kiasi kidogo tu ndicho kinachotenganisha eneo na eneo. Mbuzi wanaokabidhiwa, wanaotolewa mahari, wanaokutana korongoni, wote wanachanganya damu. Zizi la mbuzi 30 lililojifungia lingekuwa linapandisha kaka na dada baada ya vizazi vichache. Mazizi haya hayajajifungia.

"Mimi sihofii majike," alisema. "Nahofia madume."

Sikumwelewa vizuri. Nilidhani anasema juu ya mabeberu wa Boer wanaoletwa kuongeza nyama, au mbuzi wa Malya, wale waliotengenezwa kule Kwimba kwa kuchanganya mbuzi wa Kamorai kutoka Pakistani asilimia 55, Boer 30 na wa kienyeji 15. Akasema hapana, hao wana kazi yao, mradi wa asili wasiishe. Niangalie mnada.

Mnada ulikuwa keshokutwa yake, tukiwa safarini kurudi. Vumbi, milio, madalali na fimbo zao. Wanunuzi walikuwa wanakwenda moja kwa moja kwa dume kubwa, wanapapasa mgongo, wanataja bei, na dume dogo linarudi nyumbani na mwenyewe. Basi ndilo litakalopanda majike mwaka mzima. Miaka mingapi imepita hivyo, dume bora likienda buchani na hafifu likibaki kuwa baba?

Kisha nikamwona yule mama, amefunga khanga kiunoni, anahesabu noti. Kamba ilikuwa tayari mikononi mwa kijana wa lori. Mweusi tii, pande la mnyama, na shingoni bado ile sehemu ndogo tuliyonyoa manyoya.

"Ada ya shule," mama aliniambia kabla sijauliza. "Nimebakiwa na kale kadogo kekundu."

"Ni katoto ka huyu?"

Akacheka tena, kicheko kilekile. Lori likawasha moto. Nikafungua deli kuangalia kama barafu ipo, mrija wa 17 ulikuwa mzima, na nikauhamishia chini kabisa, kwenye baridi zaidi.