Silivu za 504

Injini ya Peugeot 504 ina jambo moja ninaloliheshimu sana: silivu zake, yaani mitungi ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimechomekwa tu ndani ya bloki, na maji ya radieta yanazizunguka. Zikilika, unazing'oa na kutia mpya pamoja na pistoni zake. Bloki haiendi kuchongwa popote. Naamini hilo, kuliko ushindi wa Safari Rally wa 1975 na 1978 ambao wazee hawachoki kuusimulia, ndilo lililoyadumisha magari haya kwetu.

Yetu ilikuwa 504 ya toleo la GL ya marehemu baba, injini ya cc 1971, imekaa miaka uani kwetu Changamwe, Mombasa, ikimwagiwa majani ya mwembe. Kutu ya milango na ya sakafu ya buti tulikuwa tumeshaimaliza. Jumamosi ile ilikuwa zamu ya injini.

Mjomba wangu, makanika wa malori maisha yake yote, alinikabidhi kitambaa na mafuta ya taa nisafishe ukingo ulio chini kabisa ndani ya bloki, pale silivu inapokaa. Chokaa ya maji ilikuwa imeganda pale. Nikakwangua, nikafuta, akapitisha kidole, akasema bado. Nikarudia. Kisha akashusha silivu na sili yake ya kuzuia maji, akalaza rula ya chuma juu ya bloki na kupenyeza fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Silivu lazima ichomoze kidogo mno, sehemu chache za mia za milimita, ili hedi, kifuniko kizito cha juu ya bloki, iibane vizuri. Ikizama, gasketi haidumu.

"Mwanangu, krenki usiiguse mpaka nizibane hizi," akaniambia kuhusu mhimili unaozipandisha na kuzishusha pistoni, akifunga boliti ndefu zenye washa pana pembeni mwa kila silivu. Hedi ikiwa nje, krenki ikizungushwa, pistoni inaweza kuinyanyua silivu na kuisogeza sili, halafu maji yakaingia kwenye oili. Kazi yote inaanza upya.

Mimi nilitamani pia gari lishushwe, livikwe rimu pana. Akakataa katakata: "Gari la shemeji yangu litabaki na umbo lake." Alichokubali kubadilisha ni platini, swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata na kuunga umeme wa plagi. Tukaweka mfumo wa elektroniki ndani ya distribyuta ileile, kifuniko kilekile juu, na mtu akifungua boneti haoni tofauti. Leo nakubaliana naye. Badiliko zuri kwa gari la zamani ni lile linaloliwezesha kutembea bila kulifuta sura.

Nafasi za valvu tulizipima injini ikiwa baridi, milimita 0.10 kwa za kuingiza na 0.25 kwa za kutolea moshi. Tukapiga starta kwanza bila plagi hadi taa ya oili ikazimika. Plagi ziliporudishwa, injini ikakohoa, ikatoa moshi mwingi, kisha ikashika. Mjomba akapiga makofi kwa mikono iliyojaa grisi, nami nikalia waziwazi mbele ya majirani.

Asubuhi yake, injini ikiwa imepoa kabisa, tukavua kava tukakaza upya boliti za hedi, kuanzia katikati kwenda pembeni. Mama akatokea na kikapu chake. "Mkimaliza hapo, nipelekeni sokoni Kongowea."

Akakaa mbele. Tukampeleka, mshale wa joto ukiwa katikati njia nzima.